Sahani Kumi na Mbili za Fedha

Hema la kukutania limekwisha kusimamishwa katika jangwa la Sinai. Limetiwa mafuta, vyombo vyake vimewekwa wakfu, na wakuu wa makabila ya Israeli wanaanza kuleta matoleo yao kwa ajili ya madhabahu, mkuu mmoja kwa siku moja. Siku ya kwanza ni zamu ya Nashoni mwana wa Aminadabu, wa kabila la Yuda. Analeta sahani ya fedha ya shekeli 130 na bakuli la fedha la shekeli 70, vyote viwili vimejaa unga mzuri uliochanganywa na mafuta. Analeta kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa uvumba. Analeta ng'ombe dume mchanga, kondoo dume mmoja na mwana-kondoo wa mwaka mmoja kwa sadaka ya kuteketezwa. Mbuzi dume mmoja kwa sadaka ya dhambi. Na kwa sadaka ya amani, ng'ombe wawili, kondoo dume watano, mbuzi dume watano na wana-kondoo watano. Siku ya pili anakuja Nethaneli mwana wa Suari, mkuu wa Isakari. Analeta sahani ya fedha ya shekeli 130.

Hayo yamo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 7, na msomaji wa leo akifika kwa Nethaneli macho yake huanza kuteleza. Ameshajua kitakacholetwa. Lakini mwandishi hasemi kwamba Nethaneli alileta kama mwenzake. Anarudi mwanzo: sahani, bakuli, kijiko, ng'ombe, kondoo, mbuzi, uzito ule ule, idadi ile ile, mpangilio ule ule. Kisha Eliabu wa Zabuloni. Kisha Elisuri wa Reubeni. Hivyo hivyo hadi siku ya kumi na mbili, anapofika Ahira mwana wa Enani, mkuu wa Naftali, na sahani yake ya fedha ya shekeli 130. Ndipo mwandishi anajumlisha: fedha yote shekeli 2,400, dhahabu yote shekeli 120. Kumbe kujumlisha alikuwa anajua. Angetaka kufupisha, angefupisha. Sura hiyo ina mistari 89, na katika vitabu vitano vya Musa hakuna iliyo ndefu kuliko hiyo.

Kadiri ninavyoisoma polepole ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni mojawapo ya sura zenye upendo mwingi katika Torati. Tuseme angefupisha. Nashoni angepata mistari yake sita, na wale kumi na mmoja wangekuwa majina kwenye orodha, Ahira akiwa wa mwisho kabisa, anatajwa wakati msomaji amekwisha kuchoka. Kwa jinsi ilivyoandikwa, Ahira anapata kile kile alichopata Nashoni: siku yake nzima na maneno yake yote. Hakuna aliyemwambia kwamba zawadi ya namna hiyo imeshaonekana mara kumi na moja. Ya kwake ilikuwa haijaonekana. Tena kuna jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Wale kumi na mmoja kila mmoja anaitwa mkuu. Nashoni, aliyetangulia, anatajwa kwa jina la baba yake na kabila lake, basi. Anayefungua mlango ndiye asiyetajiwa cheo.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliyachambua matoleo haya moja moja katika midrashi yao ya kitabu cha Hesabu, na kila mkuu wakampa nia yake. Vitu ni vile vile, lakini Isakari aliona ndani yake Torati, Zabuloni akaona bahari na biashara yake, kila kabila likaona safari yake lenyewe. Mtu anaweza kusema hizo ni nia walizozitunga wao. Mimi naona walikuwa wamesikia kitu cha kweli. Watu kumi na wawili wakiweka sahani zinazolingana uzito mbele za Mungu, hawajaweka kitu kimoja. Na mpaka leo, katika siku nane za Hanuka, Wayahudi huisoma sura hii sinagogini siku kwa siku, ya kwanza kwa Nashoni, ya pili kwa Nethaneli, hata siku ya nane wakayamaliza yote yaliyosalia.

Mstari wa mwisho wa sura hausemi tena habari za fedha. Musa anaingia hemani na kuisikia sauti ikisema naye kutoka juu ya kiti cha rehema, katikati ya makerubi wawili. Sauti inakuja baada ya Ahira. Mwandishi amehakikisha kwamba hatufiki pale kabla hatujawasubiri wote.

Kusubiri huko kulikuwa rahisi zaidi kwa waliosikiliza kuliko kwetu tunaosoma. Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, kinaeleza jinsi Ezra alivyosoma Torati mbele ya Lango la Maji huko Yerusalemu, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, tangu kulipopambazuka hata adhuhuri, wanaume na wanawake wamesimama wanasikiliza. Jicho linaweza kuruka mistari, sikio haliwezi. Anayesikiliza hupokea neno kwa kasi ya msomaji, na linaporudi anaweza kulitambua, kulipokea tena, au kugundua kwamba safari hii limekuja na badiliko dogo.

Ushairi wa Kiebrania umejengwa juu ya jambo hilo. Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi pale Oxford, alichapisha mihadhara yake kwa Kilatini mwaka 1753, akaonyesha kwamba mishororo ya manabii na ya Zaburi huenda kwa jozi, wa pili ukiitikia wa kwanza. Tangu hapo wengi wamefundishwa kwamba mshororo wa pili husema kilekile kwa maneno mengine. James Kugel aliandika mwaka 1981 kulipinga hilo: wa pili huongeza, husukuma mbele. Nadhani Kugel ana haki, na mwanzo wa kitabu cha Isaya unatosha kumpa haki hiyo. Kwanza anatajwa ng'ombe, anayemjua mwenyewe. Kisha punda, ambaye anajua hori anakolishiwa. Ni jambo lile lile, ila tumeshuka ngazi moja, kutoka kumjua bwana hadi kujua mahali pa chakula. Kisha wanatajwa Israeli, ambao hawajui hata hilo. Nabii asingelirudia jambo, pigo lisingekuwa na pa kuangukia.

Katika masimulizi, marudio hufanya kazi ya upole zaidi, na mahali pa kuitazama kwa karibu ni Mwanzo 24, sura ndefu kuliko zote katika kitabu hicho. Ibrahimu anamtuma mtumishi wake kwenda kumtafutia Isaka mke kwa jamaa zake. Mtumishi, ambaye sura nzima haimtaji jina, anafika nje ya mji wa Nahori na ngamia kumi, anasimama kisimani jioni na kuomba ishara: msichana atakayempa maji na kujitolea kuwanywesha ngamia pia, huyo ndiye. Hajamaliza kusema, Rebeka anatokea na mtungi begani. Anampa maji, anawanywesha ngamia. Mtumishi anatoa pete ya dhahabu ya nusu shekeli na vikuku viwili vya shekeli kumi, kisha anamuuliza ni binti wa nani.

Muda si mrefu yuko nyumbani kwa Bethueli, baba yake Rebeka, chakula kimeandaliwa, naye anakataa kula kabla hajasema lililomleta. Anasimulia. Nasi ambao tulikuwepo kisimani tunalazimika kusikia yote tena: kiapo, safari, maombi, mtungi, ngamia. Hapo ndipo sikio linapaswa kuwa macho, maana hasimulii kama ilivyokuwa. Anaanza na utajiri wa bwana wake, kondoo na ng'ombe, fedha na dhahabu. Ibrahimu alikuwa amemwonya kwa msisitizo asimrudishe Isaka katika nchi ile kwa hali yoyote. Onyo hilo halitaji mbele ya watu wa nchi hiyo. Na kuhusu pete, anasema alimuuliza binti kwanza ni wa nani, ndipo akampamba. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Troyes nchini Ufaransa, aliyeishi kati ya 1040 na 1105, alikiona hicho: mtumishi amegeuza mpangilio ili wenyeji wasije kumuuliza aliwezaje kumpa dhahabu msichana asiyemjua.

Je, amesema uongo? Mimi namwona mshenga, na mshenga ana adabu zake. Anajua kwamba kuna neno la kweli ambalo likisemwa mlangoni pa wakwe linageuka tusi. Lakini kuna jambo lililo chini zaidi ya adabu. Alipotoa pete kabla ya kuuliza, alikuwa ameamini kabla ya kuwa na sababu ya kutosha. Hiyo ilikuwa ni kati yake na Mungu, pale kisimani, jua likizama. Haielezeki mezani. Basi ameificha imani yake ndani ya mpangilio wa busara, na Maandiko, kwa kutusimulia mara mbili, yanatuachia sisi peke yetu siri hiyo. Bethueli na Labani, kaka yake Rebeka, hawakuijua kamwe. Simulizi moja isingeweza kutuonyesha hilo. Zilitakiwa mbili, ziwekwe jirani, na msomaji asiyeharakisha.

Yako pia marudio yanayouma. Katika 1 Wafalme 19, Eliya amemkimbia Yezebeli. Ameomba kufa chini ya mti jangwani. Malaika amemgusa mara mbili na mara mbili amemlisha. Ametembea siku arobaini mpaka Horebu, analala pangoni, na Mungu anamuuliza anafanya nini mahali hapo. Eliya anatoa yote yaliyo moyoni: bidii yake kwa ajili ya Bwana, agano lililoachwa, madhabahu zilizobomolewa, manabii waliouawa, naye amebaki peke yake na anawindwa. Unapita upepo wa kupasua miamba, na Bwana hayumo. Linapita tetemeko, unapita moto, hayumo. Kisha sauti ndogo, ya utulivu. Eliya anajifunika uso kwa vazi lake, anatoka, anasimama mlangoni pa pango. Na swali linarudi, lile lile. Na jibu linarudi, lile lile, karibu herufi kwa herufi.

Wapo wafafanuzi wanaomlaumu. Wanasema amepitiwa na upepo na moto na sauti ile, na bado hajajifunza kitu. Siwezi kuungana nao. Mfiwa msibani huulizwa na kila anayefika ilikuwaje, naye husimulia tena, kwa maneno yale yale, alianza kuumwa lini, walimpeleka wapi, alisema nini saa ya mwisho. Na hakuna mwenye akili timamu anayemwambia kwamba hayo ameshayasema. Swali hurudiwa kwa sababu mzigo bado upo. Ninachokiona Horebu ni Mungu anayekaa msibani. Anauliza mara ya pili si kwa sababu jibu la kwanza lilikosewa. Anauliza kwa sababu mtu anaweza kusema jambo mbele ya dhoruba, na akahitaji kulisema jambo hilo hilo mbele ya ukimya, ndipo alisikie mwenyewe.

Baada ya mara ya pili hakemewi. Anapewa kazi: arudi njia aliyojia, amtie mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii mahali pake. Mwishoni kabisa, kama habari ya ziada, anaambiwa kwamba katika Israeli wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Neno lake kwamba amebaki peke yake halikuwa sahihi, na Mungu alijua hivyo tangu alipolisema mara ya kwanza. Alingoja alimalize tena.

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unamalizikia kwa kiitikio kimoja cha fadhili za Mungu zisizokoma. Wanaoisali makanisani kwa kupokezana, kiongozi nusu ya kwanza na mkutano nusu ya pili, wanajua jinsi ulimi unavyoanza kuitikia wenyewe, bila akili kushirikishwa. Watu huhesabu hilo kuwa hatari ya marudio, na ni kweli kuna kusali usingizini. Lakini tazama kiitikio kinapoangukia. Zaburi inataja mianga mikubwa, kiitikio; jua la kutawala mchana, kiitikio; mwezi na nyota, kiitikio. Sentensi moja imekatwa vipande, na kila kipande kimefungiwa fadhili ndani yake. Kisha inataja wafalme waliouawa, Sihoni wa Waamori, Ogu wa Bashani, na kiitikio hakibadiliki. Zaburi iliyotangulia, ya 135, inawataja wafalme hao hao bila kiitikio hicho, na msomaji hupita salama. Ya 136 haimruhusu. Anapaswa kutamka fadhili juu ya jina la Ogu, na koo linakwama, na linapaswa kukwama. Sina njia ya kulilainisha. Naona tu kwamba zaburi ile inayorudia ndiyo inayomlazimisha mtu kuuliza, kwa sababu haikumpa nafasi ya kuchagua aitikie wapi. Na mstari wa pili kutoka mwisho unamtaja Mungu anayewapa wote wenye mwili chakula, bila kutaja kabila. Mwenye kuitikia amefikishwa huko na mdomo wake mwenyewe.

Kupenda kuitikia kulikuwa kwingi kuliko tunavyoona katika Biblia zetu. Mwaka 1956, katika pango la kumi na moja la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo la Zaburi, na ndani yake Zaburi ya 145 ina kiitikio cha kumbariki Bwana baada ya kila mstari. Katika maandishi yaliyotufikia kwa mkono wa Wamasora, wanakili wa Kiyahudi wa Maandiko, hakimo hata mara moja. Kuna watu, basi, waliokaa kando ya bahari ile yenye chumvi na kuona kwamba zaburi ya sifa haijakamilika mpaka wasikilizaji nao wapate pa kuingilia. Wayahudi wa baadaye waliisoma bila kiitikio, lakini wakaweka desturi ya kuisali mara tatu kila siku. Marudio yaliyotoka ndani ya zaburi yakahamia kwenye siku.

Nimeyaacha mwisho marudio ambayo wasomaji wengi huyaona makavu kuliko yote. Kutoka sura ya 25 hadi ya 31, Mungu anampa Musa vipimo vya hema. Sanduku la mti wa mshita: urefu dhiraa mbili na nusu, upana moja na nusu, kimo moja na nusu. Mbao, vikalio, vitanzi, mapazia. Kutoka sura ya 35 hadi ya 40 hema linajengwa, na vipimo vyote vinarudi: fundi Bezaleli anatengeneza sanduku la mshita, dhiraa mbili na nusu, moja na nusu, moja na nusu. Katika sura mbili za mwisho, 39 na 40, kazi inakatishwa tena na tena na neno kwamba ilifanyika kama Bwana alivyomwagiza Musa, mara saba katika kushona mavazi ya makuhani, na mara saba katika kulisimamisha hema.

Kati ya vipimo na vipimo kuna ndama. Sura ya 32 hadi ya 34: watu wamechoka kumngoja Musa, Haruni amepokea pete za dhahabu kutoka masikioni mwao na kuziyeyusha, mbao za mawe zimepigwa chini ya mlima na kuvunjika. Na tazama jinsi maelezo yalivyopangwa pande zote mbili za dhambi hiyo. Amri ya mwisho kabla ya ndama ni Sabato. Amri ya kwanza baada ya ndama, watu wanapokusanywa tena, ni Sabato. Mungu ameendelea pale pale alipoishia. Kisha dhiraa zinaanza kuhesabiwa, na msomaji aliyedhani anasoma orodha ya fundi seremala anagundua kwamba anasoma msamaha. Watu waliovunja agano kabla halijakauka hawakupewa sanduku fupi zaidi. Hawakupewa hema la daraja la pili, lenye mapazia machache. Mwandishi angetuambia tu kwamba hema lilijengwa kama lilivyoagizwa, tungejua kwamba walisamehewa. Kwa kutupimia upya dhiraa kwa dhiraa, kitanzi kwa kitanzi, anatufanya tuone kwamba hakuna kilichopunguzwa.

Dhahabu nayo ilirudi. Wanaume kwa wanawake, wote wenye moyo wa kupenda, walileta pete na vikuku na mapambo yao, masikio yale yale yaliyovuliwa kwa ajili ya ndama yakivuliwa tena. Kwa ndama walitoa mara moja, kwa pupa. Kwa hema, kinasema kitabu cha Kutoka, walileta kila asubuhi, mpaka mafundi wakaacha kazi zao na kwenda kumwambia Musa kwamba vitu vimezidi mahitaji, na Musa akalazimika kutangaza kambini kote kwamba mtu yeyote asilete tena.